Mabaka makavu uwanjani: nichague vipi dawa ya kulowanisha udongo?

Mlinzi_wa_Kijani:

Wakuu, naomba msaada wa kuchagua dawa ya kulowanisha udongo. Kazi ni mbili.

Ya kwanza ni uwanja wa mpira wa mita 105 kwa 68, ukoka juu ya mchanga wa kina cha sentimita 30 hivi. Vinyunyizio vinawashwa kila usiku, lakini kuna mabaka ya upana wa nusu mita hadi mita mbili ambayo mchana hugeuka rangi ya kijivu-bluu. Ukikanyaga hapo nyasi hazinyanyuki, na baada ya siku chache zinakauka kabisa. Ukichimba katikati ya baka ni vumbi tupu, ukisogea hatua moja pembeni udongo umeloa vizuri.

Ya pili ni bustani ya nyasi ya nyumbani, mita za mraba 200, udongo mzito. Huko shida ni kinyume: maji yanatuama juu kwa saa nzima kabla ya kuzama.

Bidhaa zilizopo ni tatu. Moja ya maji imeandikwa "ya kupenya", nyingine ya maji "ya kushika unyevu", na ya tatu ni ya punje. Kuna pia wanaosema sabuni ya vyombo inatosha. Nichague kwa kigezo gani, kipimo kiasi gani, nianze lini? Na je, dawa moja yaweza kutumika sehemu zote mbili?

---

Fundi_Kiwanja:

Mkuu, kabla ya kugusa chupa yoyote, pima. Dalili za uwanjani zinafanana sana na udongo unaokataa maji, ila zinafanana pia na vinyunyizio visivyofika kila mahali, na hakuna dawa inayotibu kinyunyizio.

Anza na vikombe. Chukua vyenye mdomo na umbo moja, wima pande zote, uvipange kila mita 3 hadi 5 katika mstari unaokatiza mabaka na sehemu nzima. Washa maji dakika 20, kisha pima milimita zilizoingia kila kikombe. Vikombe vya juu ya mabaka vikiwa na nusu ya maji ya vile vya pembeni, tafuta nozeli (kitundu cha kutolea maji) iliyoziba, presha ndogo, au vinyunyizio vilivyoachana mno. Rekebisha hilo kwanza. Karatasi ya vipimo itunze, utaihitaji wakati wa kumwagilia baada ya dawa.

Vikombe vikilingana, chomoa sampuli ndefu ya udongo, sentimita 15, kutoka katikati ya baka, nyingine ukingoni, na nyingine kwenye nyasi zenye afya. Zilaze ubavu. Kwa bomba la sindano dondosha tone moja kila sentimita moja, kuanzia juu kwenda chini, uhesabu sekunde hadi tone lizame. Likizama chini ya sekunde 5, udongo unapokea maji vizuri. Kati ya 5 na 60, unakataa kidogo. Kuanzia 60 hadi 600, unakataa sana. Kati ya 600 na 3,600 hali ni mbaya, na zaidi ya saa nzima ni mbaya kupita kiasi. Katika mabaka ya aina uliyoeleza, mara nyingi tone hukaa juu kama lililo kwenye jani la gimbi, hasa katika sentimita 5 za kwanza, halafu chini zaidi matone yanazama kama kawaida.

Kipimo hicho kifanye mara mbili: sampuli zikiwa mbichi, kisha zikishakauka kivulini kwa wiki moja au mbili. Mbichi inakuonyesha hali ya leo. Iliyokauka inakuonyesha udongo utakavyokuwa ukiuachia ukauke. Sehemu ambayo leo ni kijani inaweza kukupa dakika tano ikikauka, na hapo ndipo baka la msimu ujao litakapotokea.

Chanzo ni nta. Mabua, mizizi na kuvu vikioza huacha utando wa mafuta juu ya chembe za mchanga. Mchanga una eneo dogo la kufunikwa ukilinganisha na udongo wa mfinyanzi, kwa hiyo utando mdogo tu unatosha kuufunika wote. Ukiwa na unyevu tatizo limelala. Unyevu ukishuka chini ya kiwango fulani, mchanga unageuka na kuanza kusukuma maji. Hapo maji hayashuki kwa usawa tena. Yanatafuta vinjia vichache vyembamba na kupita humo moja kwa moja hadi chini ya mizizi, yakibeba mbolea. Hii ndiyo sababu kuongeza dakika za kumwagilia hakuponyi mabaka. Unanenepesha vinjia tu.

Bustani ya nyumbani ni jambo jingine. Fanya kipimo cha tone huko pia, lakini sitashangaa matone yakizama papo hapo. Yakizama hivyo wakati maji ya juu yanatuama, udongo haukatai maji, umeshindiliwa. Chukua kopo lililofunguliwa pande zote mbili, likite sentimita 5 ardhini, jaza maji, likishanyonya jaza tena, na mara hiyo ya pili pima yanashuka milimita ngapi kwa saa. Yakishuka polepole, unahitaji kutoboa kwa meno yenye tundu yanayong'oa vipande vya udongo, kina sentimita 7 hadi 10, kisha kujaza mashimo kwa mchanga. Dawa ya kulowanisha haitanui vinyweleo vya udongo. Jasi pia haisaidii, isipokuwa maabara imeonyesha sodiamu imezidi.

Kwa hiyo jibu la swali lako la mwisho: hapana, na huenda bustani isihitaji dawa kabisa.

---

Mkemia_Udongo:

Nakubaliana na Fundi. Naongezea upande wa kemia, maana maneno ya mbele ya chupa hayasaidii sana.

Molekuli ya dawa hizi ina sehemu mbili zenye tabia tofauti, moja inapenda maji na nyingine inapenda mafuta. Sehemu ya mafuta hushika nta iliyo juu ya chembe ya mchanga, sehemu ya maji hubaki nje, na maji hupata mahali pa kushika. Nyingi haziondoi nta, zinaifunika. Vijidudu vya udongo vikishavunjavunja dawa, nta iko pale pale na udongo unarudia tabia yake. Kwa hiyo unanunua muda, na swali la maana ni dawa inadumu wiki ngapi katika udongo wako. Kwenye joto na unyevu mwingi huvunjwa haraka zaidi.

Sasa geuza chupa usome nyuma. Unatafuta vitu vitatu: jina la kiambata amilifu (kemikali inayofanya kazi yenyewe), asilimia yake, na kipimo kwa hekta.

Kuhusu jina, cha kwanza ni chaji. Kundi linalofaa nyasi ni lile lisilo na chaji. Zenye chaji hasi, ambamo sabuni nyingi za vyombo zimo, zinalowanisha haraka, lakini zinaunguza majani kirahisi, zinasombwa na maji upesi, na zikizoeleka zinaweza kuvuruga mshikamano wa chembe za udongo. Zenye chaji chanya ni mbaya zaidi kwa kazi hii: chembe za mfinyanzi na mboji zina chaji hasi, basi molekuli inajigandisha upande wa chaji na kuacha mkia wa mafuta ukitazama nje. Unaweza kuishia na udongo unaokataa maji kuliko mwanzo. Sabuni ya vyombo iache jikoni. Maji safi yana mvutano wa uso (nguvu inayolifanya tone lijikusanye badala ya kutandazika) wa milinewtoni 72 hivi kwa mita, na sabuni huushusha hadi karibu 30 sawa na dawa nyingi za udongo, ndiyo maana ukiijaribu unaona maji yakizama mbele ya macho yako. Ukimwagilia mara chache imekwenda na kazi inaanza upya.

Ndani ya zisizo na chaji, utakutana zaidi na kopolima za bloku. Hizi ni minyororo ya oksidi ya ethilini, inayopenda maji, iliyounganishwa na oksidi ya propilini, inayopenda mafuta. Molekuli zake ni kubwa, zinashika udongo kwa muda, na kwa kawaida ni laini kwa majani. Zipo zilizopangwa kinyume, propilini ikiwa nje na ethilini katikati, nazo hutoa povu dogo zaidi kwenye tangi. Kisha kuna alkili poliglukosidi, zinazotengenezwa kwa sukari na pombe za mafuta. Peke yake huvunjwa haraka, lakini zikichanganywa na kopolima ya bloku zinaharakisha maji kuzama. Mchanganyiko huo mara nyingi ndio umo ndani ya chupa "ya kupenya".

Hapa niseme wazi: mgawanyo wa "kupenya" na "kushika unyevu" mara nyingi ni wa kibiashara kuliko wa kemia. Kopolima ile ile unaweza kuikuta kwenye chupa mbili zenye ahadi tofauti. Kwa mchanga unaokataa maji ningechagua kopolima ya bloku inayowekwa kila mwezi, ahadi yoyote iwe imeandikwa mbele.

Asilimia isome pamoja na kipimo. Dawa ya asilimia 100 inayotakiwa lita 10 kwa hekta inakupa lita 10 za kiambata. Ya asilimia 25 inayotakiwa lita 20 kwa hekta inakupa lita 5 tu, ingawa umemwaga chupa nyingi zaidi. Hesabu hii ni halali kwa kulinganisha bidhaa za kiambata kimoja. Viambata tofauti havilinganishwi lita kwa lita. Chupa isiyotaja kiambata wala asilimia, iache dukani.

---

Mlinzi_wa_Kijani:

Ahsanteni sana. Nimefanya kipimo cha tone. Uwanjani, katikati ya baka, tone limekaa zaidi ya dakika 8 kwenye sentimita 4 za juu. Ukingoni sekunde 40. Nje ya baka sekunde 3. Bustani ya nyumbani matone yote yamezama mara moja, kwa hiyo huko nitatoboa. Vikombe vya uwanjani vinalingana, wastani milimita 4 kwa dakika 20.

Nimeona chupa moja ya kopolima ya bloku, kipimo lita 20 kwa hekta kila mwezi. Naomba hesabu na namna ya kuiweka. Na haya mabaka yaliyokwisha kauka, dawa itayafufua?

---

Mama_Springila:

Mwanangu, hesabu yako hii hapa.

Uwanja ni mita za mraba 7,140, yaani hekta 0.714. Lita 20 kwa hekta ni mililita 2 kwa mita ya mraba, kwa hiyo dawa ni lita 14.3 kwa uwanja mzima. Maji ya kubebea yasiwe kidogo. Ukipulizia kwa lita 200 kwa hekta kama dawa ya magugu, dawa yote itabaki kwenye majani. Lenga lita 800 kwa hekta, ambazo kwako ni lita 571.

Kwa trekta au mashine yenye nozeli nyingi, kanuni ni hii: lita kwa hekta ni sawa na 600 mara lita zinazotoka kwenye nozeli moja kwa dakika, ugawe kwa kasi ya kilomita kwa saa mara nafasi kati ya nozeli kwa mita. Nozeli ya lita 2 kwa dakika, nafasi nusu mita, mwendo kilomita 3 kwa saa: 600 mara 2 ni 1,200, gawa kwa 1.5, unapata 800. Usiamini namba iliyochapwa kwenye nozeli. Kinga maji ya kila nozeli kwa dakika moja, na ile inayopishana na wastani kwa zaidi ya asilimia 10 ibadilishe.

Anayefanya kwa pampu ya mgongoni kwenye eneo dogo atumie uwiano ule ule: mililita 80 za mchanganyiko kwa kila mita ya mraba. Pampu ya lita 16 inatosha mita za mraba 200, ikiwa na mililita 400 za dawa. Pima mraba wa mita 5 kwa 5, pulizia maji matupu kwa mwendo wako wa kawaida, uone kama umetumia lita 2. Ukitumia lita 1, punguza mwendo au pita mara mbili, ya pili ikikatiza ya kwanza.

Tangini weka nusu ya maji, ongeza vitu vingine kama vipo, dawa ya kulowanisha iwe ya mwisho, kisha jaza, mdomo wa mpira wa maji ukiwa umezamishwa ndani ya maji. Ukiitanguliza dawa chini na kufungulia maji kwa nguvu utapata povu hadi mlangoni, na povu linakudanganya kiasi kilichomo.

Kinachoharibu kazi kuliko yote ni kutomwagilia baada ya kupulizia. Dawa ikikauka juu ya majani haifiki kwenye mchanga, na jua likiwa kali inaunguza. Mwagilia milimita 6, na usisubiri majani yakauke. Vinyunyizio vyako vinatoa milimita 4 kwa dakika 20, yaani 12 kwa saa, basi milimita 6 ni dakika 30. Lakini usiziwashe mfululizo, kwa sababu juu ya mabaka maji yatateleza kabla dawa haijashika. Washa dakika 10, pumzisha nusu saa, rudia hadi mizunguko mitatu. Kwa uwanja mzima ni lita 42,840. Hakikisha tangi la maji linazo kabla ya kuanza kupulizia, maana kuishiwa katikati ni kuacha nusu ya uwanja ikiungua. Joto likipita nyuzi 30, fanya alfajiri, tena kwa vipande: pulizia robo, mwagilia robo.

Lini? Wakati mzuri ni udongo ukiwa bado na unyevu, wiki chache kabla ya kiangazi. Weka dozi mbili zilizopishana siku 7, halafu moja kila siku 30 hadi mvua zirudi. Kama lebo inasema vinginevyo, fuata lebo. Zipo zinazowekwa mara moja kwa dozi kubwa zidumu miezi mitatu hivi, nazo zinafaa pale ambapo hakuna mtu wa kurudia kila mwezi. Mimi napendelea za kila mwezi kwa uwanja wa mechi, kwa sababu unaweza kuacha mvua zikiwahi.

Mabaka yaliyokwisha kauka yanahitaji mkono. Toboa baka zima na sentimita 30 nje ya ukingo wake, matundu kila sentimita 5, kina sentimita 8 hadi 10, kwa uma wa bustani au meno membamba yasiyong'oa udongo. Kisha mimina dawa kwa kipimo cha mabaka kilicho kwenye lebo, au tumia vidonge vya kufunga kwenye mpira wa maji. Usijiamulie kuzidisha dozi. Mwagilia kidogo kidogo kwa mkono, milimita 5 asubuhi na 5 jioni, kwa siku mbili au tatu. Siku ya nne chomoa sampuli. Bado ukiona ukanda mkavu katikati ya udongo uliolowa, rudia. Ukoka una matawi yanayotambaa juu na chini ya ardhi, hivyo baka lililokauka majani tu huwa linajaza lenyewe. Lililokufa hadi mizizi, dawa haitalifufua. Pandikiza, lakini baada ya udongo kulowa, maana vipandikizi juu ya mchanga unaokataa maji vitakufa vile vile.

---

Kipima_Unyevu:

Mama ameeleza vizuri. Nina tahadhari moja kuhusu dozi ya kila mwezi bila kuangalia kinachoendelea juu.

Kata kipande cha pembetatu cha nyasi na udongo, pima tabaka la mabua na mizizi iliyokufa kati ya majani na mchanga. Likizidi milimita 12 hivi, dawa yoyote itakwama humo, na zile zinazoshika maji juu zitaligeuza sponji. Uwanja unakuwa laini, viatu vinang'oa mapande, mwani unaanza kwenye vivuli vya majukwaa. Kwenye uwanja wa michezo ugumu wa juu una thamani kama unyevu wa chini. Tabaka likiwa nene, pitisha kwanza mashine ya visu vya wima au toboa kwa meno yenye tundu, ondoa uchafu, mwaga mchanga unaofanana na wa chini, ndipo uweke dawa. Ukifanya hivyo unapunguza pia malighafi ya nta yenyewe.

Halafu acha sehemu isiyotibiwa. Watu wengi hawafanyi hivi, na matokeo yake wanabishana miaka kuhusu dawa ipi bora. Chukua ubao wa plaiwudi wa mita 1.2 kwa 2.4, uulaze mahali pale pale kila unapopulizia, uuondoe kabla ya kumwagilia. Mahali pake papime kwa utepe kutoka kwenye nguzo ya goli na kibendera cha kona, uandike. Ukitaka kulinganisha bidhaa mbili, tibu vipande viwili vilivyopakana na uache cha tatu kitupu, vyote vikigusa mabaka.

Kila wiki pima unyevu kwa kipimio cha fito za sentimita 7.5 hivi, nukta tisa kila kipande, saa ile ile, siku ambayo hujamwagilia. Usitazame wastani peke yake. Kipande chenye wastani wa asilimia 18 kikiwa na nukta za 6 na nukta za 30 kina tatizo. Kipande chenye wastani huo huo na nukta zote kati ya 14 na 22 kimetibiwa. Dawa inatakiwa kupunguza tofauti. Na nukta zinazoanza kushuka chini ya 10 kwenye mchanga zifuatilie kwa karibu, maana kiwango cha kugeuka huwa maeneo hayo, ingawa kila mchanga una chake. Chako utakijua kwa kupima unyevu na tone siku moja, mahali pamoja.

Ukishakijua, panga umwagiliaji usiuache mchanga ushuke chini yake. Hapo ndipo utaweza kurefusha nafasi kati ya dozi.

---

Mlinzi_wa_Kijani:

Nashukuru mno. Yamebaki mawili. Upande mmoja wa uwanja kuna mduara wa nyasi za kijani kilichokoza, ndani yake pamekauka, na baada ya mvua hutoka uyoga. Ni tatizo lile lile? Na ile bidhaa ya punje, ina mahali pake?

---

Fundi_Kiwanja:

Punje zina mahali pake: bustani ndogo isiyo na pampu, au kingo ambazo mashine haifiki. Dawa imenyonyeshwa kwenye kibebeo, mara nyingi mabunzi ya mahindi yaliyosagwa, na maji ndiyo yanayoitoa. Majani yawe makavu wakati wa kumwaga ili punje zidondoke chini, gawanya kipimo mara mbili umwage kwa njia zinazokatizana, kisha mwagilia milimita 10. Punje inayobaki imenata kwenye jani lenye umande huacha alama ya kuungua. Kwa uwanja mzima ningebaki na ya maji, kwa sababu punje hazitawanyiki sawasawa na kwa tatizo lako usawa ndio tunaoutafuta.

Kuhusu wanaopendekeza kuchanganya mfinyanzi kwenye mchanga: wakulima wa Australia Kusini wamefanya hivyo kwenye mashamba yenye mchanga unaokataa maji, na kilimo kimefaidika. Kwenye uwanja uliojengwa ili maji ya mvua yapite haraka, utaziba njia hizo na hutazifungua tena. Usijaribu.

---

Mkemia_Udongo:

Mduara ni kuvu wa udongoni, jamii ya uyoga. Wanaozesha mabua na kuachia nitrojeni, ndiyo maana ukingo unakoza kijani, na nyuzi zao zinaufanya mchanga ukatae maji vikali sana. Chomoa sampuli kwenye ukingo uinuse. Harufu ya uyoga na nyuzi nyeupe zitakuthibitishia. Dawa ya kuvu peke yake haitafanya kazi, kwa sababu haiwezi kupenya ukanda huo mkavu. Toboa, weka dawa ya kulowanisha, mwagilia hadi sampuli ionyeshe unyevu sentimita 10 chini, ndipo uweke dawa ya kuvu yenye flutolanili au azoksistrobini, iliyosajiliwa kwa nyasi, kwa maji mengi. Pita pia mita moja nje ya mduara, maana kuvu wako mbele ya unachokiona.

Ukitaka kuzichanganya tangi moja, lebo zote mbili ziwe zinaruhusu, na ujaribu kwanza kwenye chupa ya kioo kwa uwiano ule ule. Iache nusu saa. Ikiganda, ikitengana au ikitoa chembe, zitenganishe kwa siku mbili.

Vaa glavu na miwani, dawa hizi zinawasha macho vibaya. Nyingi pia zinadhuru samaki hata zikiwa kidogo, kwa hiyo acha ukanda usiopuliziwa kando ya bwawa au mfereji kama lebo inavyoagiza. Ukimaliza, suuza tangi mara tatu na maji hayo yapulizie juu ya nyasi ulizokwisha kutibu, kabla ya kuwasha vinyunyizio.